Masizi ya Karabai

Wino wangu siununui.
Alfajiri, dagaa wanapopakuliwa Igombe,
naomba nikwangue vioo vya karabai
kabla vijana hawajavipangusa kwa fulana.
Siku hizi taa nyingi ni za sola,
hazitoi hata chozi la moshi.
Masizi ni mepesi kuliko unga wa muhogo;
ukipiga chafya umepoteza mali ya wiki nzima.
Nimewahi kupiga chafya.

Gundi natoa kwenye mabondo ya sangara,
yaliyochanika, yale ambayo mizani ya Kirumba inayakataa.
Mazima hupanda ndege kwenda Uchina.
Haya yangu hayaendi popote,
yanachemka polepole kwenye kopo la maziwa
mpaka Nyanjige agonge ukuta:
"Jirani, leo unapika nini kilichokufa mara mbili?"

Brashi ni ndevu za beberu, tete la ziwani, uzi wa nyavu.
Ya kwanza ilipukutika kama mbwa mwenye upele.
Ya tano ndiyo iliyokubali kuwa na ncha.

Aliyenionyesha ni Bi Shufen,
mke wa mhasibu wa kiwanda cha samaki.
Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu:
ngapi, punguza, ghali, haya.
Nikikandamiza mno, "Ghali!"
Mkono ukikimbia, "Punguza."
Na siku mstari uliposimama wenyewe
aliutazama hadi chai ikapoa,
akasema, "Haya."

Mimi ni mwandika vibao.
Miaka kumi na tisa ya saluni, bucha na mitumbwi,
rangi ya mafuta, rula, tepu.
Ukikosea, unasubiri ikauke, unapaka juu.
Huku hakuna juu.
Karatasi ya mfuko wa saruji
inakunywa ulichoipa na ulichoificha.
Shusha brashi ukiwa na hasira ya kodi
uone kama kodi haitaonekana.

Wana neno la milele, lina mapigo manane.
Alinirudisha hapo kila siku:
nukta, mlalo, mshuko, ndoano;
mengine kwetu hayana jina, nikayapa,
mkia wa kamongo, mdomo wa yangeyange.
Ukilikazia macho ni maji tu yanayogawanyika,
na tone moja juu, limekawia kudondoka.

Wino ukiisha nachota ndoo ya ziwa,
napanda jabali lililo nyuma ya choo chetu, Igogo,
naandika kwa maji.
Jua la saa saba halimngoji mtu.
Nikifika pigo la sita, la kwanza limeshakauka.
Milele nzima sijawahi kuiona.
"Mama Ngolo, unaosha jiwe?" watoto huuliza.
Nasema ndiyo.

Machi mkataba wa mumewe ulikwisha.
Aliniachia jiwe lake la kusagia wino,
limelika katikati kama kizingiti cha nyumba ya watu wengi.
Nililipokea kwa mikono miwili
na sikujua la kusema kwa lugha yoyote.
"Ghali," nikasema.
Alicheka mpaka akatafuta leso.

Jana Magesa wa Kayenze kaleta mtumbwi mpya.
Jina: SI ULISEMA.
Sikutoa rula. Tepu niliiacha mfukoni.
Nilisimama mbele ya mbao hizo
hadi akaanza kuangalia saa,
nikavuta pumzi, nikaishusha S
kwa pumzi ile ile moja.

"Mbona kama inaogelea?"
Nikanyamaza.
"Na bei?"
"Ile ile."
Akainamisha kichwa upande,
akaitazama tena, safari hii bila haraka.
"Haya," akasema.

Zilikuwa zimebaki herufi nane.